Yai la Mamba Halipinduliwi

Nilirudi nyumbani na gari yangu mwenyewe, diploma yangu mwenyewe, na mpango ambao sijasikia mtu mwingine akiufikiria kutoka Iringa mpaka Mbeya. Sijisifu, nasema yaliyopo. Ada ya sekondari nilijilipia kwa kuchuma chai Igowole, asubuhi za baridi ambazo vidole havisikii jani. Chuo nilisoma Mbeya, nikilala kwenye stoo ya duka la pembejeo nililokuwa nalinda, kichwa juu ya mifuko ya mbolea. Kisha nikavuka mpaka kwenda kusini. Kwenye shamba la mamba nilianza kwa kusukuma toroli la nyama, nikaondoka nikiwa msimamizi wa chumba cha kutotolesha mayai. Wenye shamba walikuwa wakinipigia simu mimi kabla ya kumpigia daktari wao wa mifugo.

Watu huniuliza kwa nini mamba, tena mimi. Wanaouliza ni wanaoijua familia yetu. Mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama, alichukuliwa na mamba kwenye kona ya mto chini ya kijiji. Alikuwa ametumwa maji. Mama alikuwa juu shambani, anapalilia, na alipoteremka alikuta ndoo imekaa wima ukingoni, imejaa, kata inaelea ndani. Mimi nilikuwa Igowole na kikapu cha chai mgongoni. Nilipofika walikuwa wameshazika shati lake na viatu vyake vya kanisani, kwa sababu kingine cha kuzika hakikupatikana. Tangu siku hiyo sikumsikia mama akitaja neno mamba. Alisema "yule", na kila mtu kijijini alijua ni yupi.

Nilipofika kusini na kuwaona wamelala kwenye mabwawa ya saruji, wamepandana kama magogo yanayosubiri lori, hofu yangu iliisha siku ileile. Nilisimama juu ya ukuta na kuwatazama kwa muda mrefu. Niliwaza: kumbe mnalishwa, mnapimika, mnauzika. Hapo ndipo mpango wangu ulipozaliwa, na sikuuacha miaka yote niliyokaa kule.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kijiji chetu kiko bondeni, mbele ya Idodi kwa anayeelekea hifadhini, na joto la kule ndilo mali. Mamba huwezi kumfuga Mufindi. Baridi ikimpata anakataa kula, anakaa tu na nyama mdomoni mpaka inaoza. Kwenye kona ya mto kuna ardhi ya kijiji, si ya mtu. Mbuzi wanachungwa pale, wanawake wanakata matete, na wakati wa masika nusu yake inakuwa matope. Mimi nilitaka kijiji kinipe sehemu ya juu ya eneo hilo, pasipofikiwa na mafuriko. Ningejenga mabwawa yenye ukuta. Chini ya mabwawa, mashamba. Maji ya mamba hayakai; yanachafuka kwa kinyesi na damu, lazima yabadilishwe. Hayo machafu ningeyaelekeza kwenye mfereji mpaka kwenye mahindi na vitunguu. Mahindi yangelisha kuku, kuku waliokufa wangelisha mamba. Kijiji kingepata mafungu yake ya shamba lenye maji kiangazi chote, na vijana wangepata kazi. Nilichora yote kwenye manila kwa rangi tatu, na mchoro ule hata leo ukimwonyesha mhandisi hatakuta kosa.

Mtu wa kwanza kuonyeshwa alikuwa mama. Alikuwa uani, anapepeta mahindi yaliyopukuchuliwa, nikalitandaza lile karatasi mbele yake na kuweka mawe kwenye pembe.

"Hawa wanakula nini?" akauliza, bila kuwataja.

"Kuku waliokufa, mama, na mabaki ya machinjioni. Nitayafuata mjini kwa gari."

"Na huo uchafu wao?"

"Ndiyo mbolea. Hakuna kinachopotea."

"Hakuna kinachopotea," akarudia, akaendelea kupepeta. Kisha akaweka ungo chini. "Na yule mkubwa, mtamleta humu ndani?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini mimi ni mtaalamu, sijazoea kudanganya kuhusu kazi yangu. Nilimweleza kwamba shamba halianzi na wakubwa. Tungeomba kibali kwa watu wa wanyamapori, tungefukua viota kwenye mchanga, tungechukua mayai na kuyatotolesha ndani.

"Mayai ya kona yetu?"

"Ya kona yetu."

Nikaona anasikiliza, nikanogewa. Nilimweleza jinsi kila yai linavyowekewa alama ya penseli juu kabla ya kunyanyuliwa, ili liende kukaa vilevile mama yake alivyolilaza. Yai la kuku linageuzwa kila siku, la mamba halipinduliwi. Kifaranga kinajishika juu ya ganda mapema, na mahali kilipojishika ndipo kinapokaa mpaka kitoke.

"Ukilipindua?"

"Kinakufa humohumo. Kwa nje huoni kitu. Yai linabaki zuri."

Mama alitabasamu. Meno yake sikuwa nimeyaona tangu nirudi. "Kumbe ni rahisi hivyo," akasema.

Nilifurahi. Nilifundisha vijana wengi kusini, na wengine ilibidi niwarudie somo hilo mpaka koo linakauka. Mama alilielewa mara moja akiwa ameshika ungo.

"Na wakishakua, baba?" Ananiita baba tangu utotoni, kwa kuwa nina jina la baba yake.

"Wakifika miaka kama mitatu wanachinjwa. Ngozi inakwenda nje, inashonwa mikoba."

"Watakuwa hawajala mtu."

"Watakuwa hawajawahi hata kuona mtu, zaidi ya mimi na vijana wangu."

"Basi hawana kosa."

"Hawana."

Akauchukua ungo, akapuliza makapi. "Na wangu hakuwa na kosa," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki zilizofuata nilikuwa kwenye ile ardhi na kamba na vigingi, nimevaa buti zangu za kusini. Wanawake waliokuja kukata matete walinipa jina siku ya kwanza.

"Kamwene, Bwana Mamba! Leo unapima kaburi la nani?"

"Napima utajiri wenu, shemeji."

"Utajiri una meno! Wakishiba hao, watatuachia angalau kamkoba kamoja twende nako kanisani?"

"Utapata mkoba, na mchungaji atashindwa kuhubiri."

Wakacheka, mmoja akajifanya anatembea na mkoba, kiuno kimekatika, mundu umening'inia kwenye kiwiko. Hawakunichukia. Nataka hilo lieleweke. Vijana walitaka kazi, wanawake walitaka maji ya vitunguu, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshaanza kunitambulisha kwa wageni kama mwekezaji wetu wa hapahapa. Kilichobaki ni mkutano mkuu wa kijiji kuinua mikono.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumtilia maanani, na huyo ni baba yangu mdogo, mdogo wa marehemu baba. Ni mzee wa kanisa, anasoma tangazo la Jumapili bila miwani. Lakini pia ndiye aliyeufunga mto. Kwetu mtu akichukuliwa na maji, baada ya kuzika lazima mto ufungwe, la sivyo wanawake hawatachota. Ukoo unakwenda na unga na kuku mweupe, mkubwa wa ukoo anasema na maji, na tangu hapo watu hawamwindi tena yule aliyechukua, na yeye habebi tena mtu. Mchungaji anajua, naye siku hiyo huwa ana safari. Niliambiwa hayo nikiwa mkubwa. Wakati wanafunga mimi nilikuwa nimesharudi kwenye chai.

Baba mdogo hakunipinga. Aliniita kwake, akanipa ugali, akasubiri nimalize kula.

"Hili la mamba, mwanangu, umelimaliza nyumbani?"

"Limekwisha, baba. Mama amekubali."

"Amekubali nini?"

"Shamba."

Akanitazama kidogo, akanawa mikono. "Basi mwenyewe aje alisemee pale mbele ya watu. Akisema yeye, nani atasema zaidi?"

Nilitoka pale nikijiona nimeshinda. Nilijua hofu ya watu haiko kwenye ukuta wala mafuriko. Iko kwenye ile kona. Na mtu mmoja tu angeweza kuiondoa hofu ile, mama wa marehemu. Nikamfundisha maneno yake. Yalikuwa machache: kwamba yeye hana kinyongo, na kwamba mwanawe apewe ardhi. Tulirudia uani mara kadhaa. Aliyasema vizuri kabisa, kama mtoto wa kipaimara.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mtendaji wa kijiji aliandika, mwenyekiti akafungua kwa sala, nikatundika mchoro wangu kwenye ukuta wa darasa. Nilizungumza vizuri, pengine vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mmoja aliuliza ukuta ukibomoka itakuwaje, nikamwonyesha ukuta wa pili. Mwingine aliuliza harufu, nikamwambia harufu ya vitunguu itaifunika. Watu wakacheka. Yule shemeji wa mkoba akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwenyekiti, tupige kura, jua kali, Bwana Mamba ameshatuivisha!" Mikono mingine ilianza kuinuka hata kabla ya kuulizwa.

Baba mdogo akasimama. "Kabla ya mikono," akasema, "tumsikie mwenye msiba."

Mama akainuka. Alivaa kitenge chake cha pasaka na kilemba cheupe. Alitembea mpaka mbele, akauangalia mchoro kama mtu anayetafuta nyumba yake kwenye picha.

"Mpeni ardhi," akasema.

Nikapumua. Alitakiwa aseme na lile la kinyongo, lakini hata bila hilo lilitosha. Nikamfanyia ishara akae. Hakukaa.

"Mpeni. Anasema atatoa mayai ya kona ile ile, ayalee, wakue. Wakikua wanachinjwa. Mimi nataka wachinjwe mbele yangu. Yule alichukua mmoja, akanyamaza. Mimi nitachukua watoto wake, mwaka huu, na mwaka unaofuata, na unaofuata, na kisu nitashika mwenyewe. Mpeni mwanangu ardhi."

Akarudi kukaa. Yule shemeji wa mkoba alimvuta mwanawe aliyekuwa anacheza mchangani, akampakata. Mikono iliyokuwa juu sikuiona ilishuka saa ngapi.

Baba mdogo akavua kofia. Hakusema kwa hasira. "Mto tuliufunga," akasema. "Mlikuwepo. Huyu mama mwenyewe alishika unga. Tukasema yameisha, na tangu hapo hamjazika nguo tena. Leo umefunguliwa, hapa, kwa mdomo wa mwenye msiba."

Nikasimama. Nilisema kwamba mamba hawana mkataba na mtu, wana njaa tu. Nilisema nimeishi nao, nimewapasua, nimeona yaliyomo tumboni mwao, na unga sijauona. Hilo la mwisho liliwakera watu, ingawa ni kweli tupu.

"Sawa, msomi," baba mdogo akajibu. "Hawana mkataba. Lakini wewe una gari, maji utayafuata hata mjini. Hawa wanachota pale."

Mwenyekiti aliuliza mikono. Iliinuka ya vijana wachache waliokaa nyuma, nayo ikashuka mama zao walipogeuka kuwatazama. Mtendaji akaandika kwamba ombi limekataliwa. Nikautungua mchoro wangu, nikaukunja vizuri kwa mstari wake, kwa sababu kazi nzuri haikunjwi ovyo hata kama imekataliwa.

Njiani mama alikaa mbele, karibu yangu, mikono juu ya magoti.

"Nimesema vibaya?" akauliza.

"Umesema kweli, mama."

"Mbona hawakupiga makofi?"

Nikabadili gia. Nilikuwa natazama barabara.

Mimi si mtu wa kukaa chini na kulia. Nilipanga nyumba Ipogolo yenye uwanja, nikaanza kuku, na sasa mahoteli ya Iringa yanajua mayai ya nani ndiyo makubwa. Nilimwambia mama aje tukae wote. Alikataa. Nikamwekea tangi la maji ya mvua, nikamlipa jirani amchotee kiangazi, mama asikanyage mtoni. Mwezi wa tisa jirani yule alinipigia simu.

"Kaka, mama yako haninunii, lakini ndoo ananinyang'anya. Anakwenda mwenyewe kunapokucha. Anarudi jua limepanda, na ndoo ni kavu."

Niliondoka siku ileile, nikalala kwake. Asubuhi nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Niliteremka kuelekea kwenye kona. Vigingi vyangu vilikuwa bado vimesimama, mbuzi wametafuna kamba.

Alikuwa kwenye mchanga, mbali kidogo na mahali pa kuchotea, amepiga magoti. Ndoo ilikuwa kando yake. Alikuwa amefukua kiota kwa kata, taratibu, bila kuvunja hata yai moja, na mayai meupe yalikuwa yanaonekana shimoni, yamepangana. Alikuwa anayapindua. Alishika moja kwa mikono miwili, akaligeuza chini juu, akalilaza, akafuata jingine. Alifanya kwa uangalifu niliowafundisha vijana wangu kusini, ule ule, ila kwa kazi nyingine.

Sikuita. Ukipiga kelele karibu na kiota unamwita mwenye nacho. Nilitazama maji kama nilivyofundishwa kutazama, si katikati bali pembeni, kwenye kivuli cha matete, nikamwona. Macho mawili na pua. Mamba jike, mkubwa, hakuwa mbali hata kidogo. Ni yule yule? Hakuna anayejua. Mamba anaishi miaka mingi.

Nikang'oa kigingi kimoja, kirefu, nikaenda kusimama kati ya mama na maji.

"Mama," nikasema chinichini, "inuka twende."

"Usiniharakishe."

"Anatutazama."

"Mwache atazame," akasema, akachukua yai jingine. "Mimi sikupata nafasi ya kutazama."

Mtaalamu yeyote atakwambia jike anayelinda kiota hangojei. Huyu alingoja. Sijui kwa nini, na sitaki baba mdogo anieleze kwa nini. Mama alimaliza lile shimo lote, akarudishia mchanga, akausawazisha kwa kiganja kama anavyosawazisha ulezi alioanika juani. Akainuka akiwa ameshika kiuno. Tuliondoka kinyumenyume, mimi na kigingi changu, yeye na ndoo.

Sikumkemea. Angekwenda tena bila mimi. Mchoro ule, mafunzo yale, miaka ile yote kusini, na mwanafunzi wangu bora kuliko wote alikuwa mwanamke asiyejua kusoma, aliyelishika somo moja na kwenda nalo mpaka mwisho.

Mvua za kwanza zilipopiga nilirudi kumtazama. Wakati huo ndio vifaranga hulia ndani ya mayai, na mama yao akisikia hufukua mchanga na kuwabeba mdomoni mpaka majini. Viota vya ng'ambo vilikuwa vimeshafukuliwa, maganda yametawanyika, korongo wanadonoa mabaki. Cha upande wetu kilikuwa bado mchanga mtupu, umetulia. Yule jike alikuwa amelala juu yake, kidevu ardhini.

Mama alikuwa amekaa kwenye mwinuko juu, mahali palipokuwa pawe bwawa la kwanza, amejifunika khanga kwa ajili ya mvua. Alikuwa na kikombe cha chai. Alikuwa anakuja pale kila siku, jirani aliniambia, na watu wa kijiji walikuwa wamehamia kuchota kwenye mfereji wa juu, mwendo wa mbali, wakimpita bila salamu.

Nikakaa karibu yake. Akanisogezea khanga nijifunike upande mmoja.

"Anangoja," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Atangoja mpaka lini?"

Nilifikiri. Hilo swali halikuwemo kwenye mitihani yangu yote, na kusini tulikuwa tunayachukua mayai siku za mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kubaki ukingoni kuangalia.

"Sijui," nikamwambia.

Akanywa chai yake. Mvua ikaongezeka, mto ukaanza kubadilika rangi, na yule chini hakuondoka.